AI ipi kwa hatua ipi ya risechi? Ulinganisho kwa tunaofanya utafiti huku kanda ya ziwa

Swali linalozunguka sana siku hizi kwa wadogo zetu wa vyuo vya hapa Mwanza, wa Malimbe, Bugando na hata wale wa chuo cha uvuvi Nyegezi ni hili, "kaka AI gani nzuri ya kufanyia risechi?" na mimi huwa narudisha swali, unataka ikufanyie nini? Maana risechi sio kazi moja bana. Kuna kutafuta pepa, kuna kuzisoma, kuna kuchakata data, kuna kuandika, alafu kuna kupeleka kwenye jarida, na kila hapo kuna kifaa kinachokufaa na kingine kitakachokuaibisha mbele ya supavaiza. Kwahiyo hapa nalinganisha hatua kwa hatua, na nasema wazi wapi naegemea.

Kigezo changu ni kimoja tu, na ukikishika hiki hata majina ya programu yakibadilika mwakani hutapotea: jibu linatoka wapi? Kifaa kinafungua pepa halisi na kukuonesha ukurasa, au kinaongea kutoka kichwani?

Chatboti za kawaida au AI za kutafutia pepa?

Upande mmoja kuna ChatGPT, Gemini, Claude na wenzao. Upande wa pili kuna Semantic Scholar, Elicit na Consensus, ambazo zimetengenezwa kwa ajili ya makala za kisayansi tu. Watu wengi wanaanzia kwa ChatGPT kwa sababu ndo wanayoijua, ilitoka mwishoni mwa Novemba 2022 na ndani ya miezi michache kila mtu alikuwa nayo kwenye simu.

Shida ya chatboti ikiwa haijaunganishwa na intaneti ni kwamba inatunga rejea. Haikudanganyi kwa makusudi, inapanga maneno yanayofanana na rejea, inakupa jina la mtafiti anayejulikana, mwaka unaoingia akilini, jarida lililopo kweli, alafu pepa yenyewe haipo duniani. Mwaka 2023 Walters na Wilder walichapisha kipimo kwenye Scientific Reports, waliziambia GPT-3.5 na GPT-4 (matoleo ya ChatGPT ya wakati ule) ziandike insha fupi zenye rejea alafu wakazikagua moja moja, wakakuta asilimia 55 ya rejea za GPT-3.5 ni za kutunga, na GPT-4 asilimia 18. Matoleo ya sasa yamekuwa bora, hasa ukiwasha kutafuta mtandaoni, lakini hata hiyo 18 ya wakati ule hebu ifikirie, kwenye rejea 50 za disetesheni yako ni kama tisa hivi hazipo! Na mjue kabla hata ya ChatGPT kutoka, Meta walileta Galactica, AI ya sayansi kabisa, Novemba hiyohiyo ya 2022, ikaandika vitu vya uongo kwa lugha ya kitaalamu mpaka wakaiondoa hadharani baada ya siku tatu. Kwahiyo hili tatizo sio la chatboti moja.

Semantic Scholar ni ya bure, iko chini ya taasisi ya Allen ya Marekani, ina makala zaidi ya milioni 200, na haitungi, kama pepa haipo inakwambia haipo. Elicit na Consensus zinategemea sana hazina hiyohiyo ila zenyewe zinakusomea na kukupa jibu pamoja na orodha ya pepa zilikotoka. Elicit nzuri yake ni jedwali, unauliza swali inakupangia pepa kwa safu, sampuli ilikuwa watu wangapi, walifanyia wapi, walipata nini. Consensus nzuri yake, na hapohapo ubaya wake, ni kile kipimo cha ndiyo na hapana, unauliza swali la ndiyo au hapana inakupa asilimia ya pepa zinazokubali.

Sasa ngoja nioneshe kwanini hicho kipimo nakiogopa, na nitatumia mfano wa hapahapa nyumbani. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika vijijini mkoa wa Mwanza, jamii 12, sita ziliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya afya, sita nyingine zikawa za kulinganishia, na maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa takriban asilimia 40 kwenye zile zilizoboreshewa. Dunia nzima ikasimama, Mwanza ikawa jina kubwa kwenye vitabu vya epidemiolojia. Alafu 1999, upande wa pili wa ziwa kule Rakai Uganda, wakachapisha wao, nao kwenye Lancet, waligawa dawa za magonjwa ya zinaa nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 10 hivi, na VVU haikupungua.

Ukiuliza AI yoyote "je kutibu magonjwa ya zinaa kunapunguza VVU?" ile ya kipimo itahesabu huyu ndiyo huyu hapana na kukupa asilimia, utaandika kwenye literecha rivyu kwamba "matokeo yanatofautiana" na supavaiza atakuuliza yanatofautiana kwanini, utabaki unamtazama. Jibu liko ndani ya pepa zenyewe na mijadala iliyofuata. Mwanza walitibu wenye dalili muda wote pale kituoni, Rakai waligawa dawa kwa watu wote kwa mizunguko. Mwanza maambukizi kwenye jamii yalikuwa kama asilimia 4 hivi, Rakai yalikuwa kama 16, janga limeshakomaa. Yaani ni maswali mawili tofauti yaliyovaa nguo moja. Elicit ikikupangia jedwali la mbinu na sehemu angalau utaiona hiyo tofauti ikikutazama, ile ya asilimia inaificha. Kwahiyo kati ya hizo mbili mimi naenda na Elicit, Consensus naitumia kujua tu kama kuna ubishi, basi.

Na chatboti? Kwenye hatua hii iache ikusaidie maneno ya kutafutia tu. Hapo ni nzuri kwelikweli. Ukiwa unatafuta mambo ya dagaa, andika jina la kisayansi, Rastrineobola argentea, maana ukiandika dagaa tu utaletewa na wale wa Ziwa Tanganyika ambao ni samaki wengine kabisa, na kuna chatboti, siitaji, niliiona inachanganya hao wawili ndani ya aya moja bila aibu. Sangara ni Lates niloticus, sato ni Oreochromis niloticus, kichocho cha tumbo ni Schistosoma mansoni. Iambie ikupe majina yote ambayo watafiti wameshawahi kuita kitu chako, alafu hayo majina uyabebe uyapeleke Semantic Scholar na Google Scholar.

AI au njia ya kizamani?

Nikisema kizamani namaanisha Google Scholar (ipo tangu 2004, kwa intaneti huyo ni babu), AJOL, Research4Life, na kwenda kwa miguu yako maktaba. Vijana wanaidharau hii njia na hapo ndo wanapokosea sana, kwa sababu utafiti wa Ziwa Victoria una tabia moja, sehemu kubwa haipo mahali AI inapofika.

Fikiria. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana kituo hapa Mwanza na wamekaa wakipima hili ziwa miaka na miaka, ripoti nyingi ni makaratasi. Shirika la uvuvi la Ziwa Victoria, LVFO, liko Jinja Uganda na lina ripoti kibao za sensa za uvuvi na hesabu za samaki ambazo hazina hadhi ya jarida. Waholanzi wa chuo kikuu cha Leiden walianza kufuatilia furu, wale samaki wadogo wa humu ziwani, kwenye ghuba ya Mwanza tangu 1977, wakashuhudia sangara akiwamaliza. Furu walikuwa spishi mia kadhaa, na mengi ya tuliyonayo kuhusu waliopotea yanatoka kwenye kazi ile na nyingine za wakati ule. Baadhi ziko kwenye majarida, baadhi ni tasnifu. Ukiongeza na disetesheni za vyuo vyetu zilizolala rafuni zikiwa zimefungwa jalada jeusi, unaona kwamba AI ikikwambia "hakuna tafiti za kutosha kuhusu Ukerewe" inachosema ni kwamba yenyewe haijaona. Sasa mwanafunzi anachukua hilo sentensi anaweka kwenye propozo kama pengo la utafiti! Alafu kwenye jopo anakaa mzee aliyefanya risechi Ukerewe kabla huyo kijana hajazaliwa.

AJOL ndo inayosaidia hapa, ilianza 1998, makao yake Afrika Kusini, inakusanya majarida ya Afrika, na yetu yapo, Tanzania Journal of Health Research la NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) na Tanzania Journal of Science la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kutaja mawili. Mengi unashusha pdf bure.

Research4Life watu hawaijui kabisa na inaniuma. Ni mpango ambao ulianza na Hinari ya WHO mwaka 2002, vyuo na taasisi za nchi kama yetu zinapata majarida makubwa ya kulipia bila kulipa, na Tanzania iko kundi A yaani la bure. Inahitaji chuo kiwe kimejisajili na mkutubi akupe nywila. Kwahiyo kabla hujalia kwamba pepa ya Lancet inataka dola, nenda maktaba kamuulize mkutubi, wengi wao wanakaa pale hakuna anayewauliza.

Ila na Scholar nayo sio takatifu siku hizi. Mwaka 2024 watafiti wa chuo cha Borås Sweden walichapisha kazi wakionesha makala 139 ndani ya Google Scholar zenye alama za kuandikwa na chatboti bila kutamka, na nyingi zilihusu afya, mazingira na kompyuta, yaani zilezile fani zetu huku. Kwahiyo kuonekana Scholar sio cheti cha usafi. Tumia programu ya Zotero kutunza rejea zako, ni ya bure, na ina kitu kizuri sana, pepa ikiwa imeondolewa na jarida inakuwekea onyo jekundu kwa kutumia orodha ya Retraction Watch, watu wanaofuatilia pepa zilizoondolewa. Hiyo orodha tangu 2023 iko chini ya Crossref, shirika linalosajili namba za DOI za makala, na mtu yeyote anaweza kuitazama.

Uamuzi wangu hatua ya kutafuta: anza Semantic Scholar na Elicit upate ramani, kisha AJOL na Scholar kwa mikono, kisha mguu TAFIRI au maktaba kama mada yako ni ya ziwa. Usiruke hiyo ya mwisho.

Kusoma: NotebookLM au kumbandikia ChatGPT pdf?

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu kwangu mshindi yupo wazi. NotebookLM ya Google inafanya kazi na mafaili uliyoyaweka wewe tu, toleo la bure linabeba hadi vyanzo 50 kwa daftari moja, na kila ikijibu inaweka kinamba, ukibonyeza unapelekwa kwenye aya yenyewe. Chatboti ya kawaida nayo inasoma pdf lakini ina tabia ya kuchanganya kilichomo na inachokijua yenyewe, huoni mpaka uko wapi.

Udhaifu wa NotebookLM ni majedwali na grafu, hasa pepa za zamani zilizoskaniwa, na pia ukiuliza swali ambalo jibu halimo inaweza kukupa kitu cha karibukaribu. Na kuna uvivu unaokuja, unaanza kusoma muhtasari wa muhtasari. Pale soko la samaki la mwaloni Kirumba mnunuzi wa dagaa hanunui gunia kwa kutazama wa juu, anaingiza mkono mpaka chini maana anajua mchanga unakaa wapi. Sehemu ya mbinu na ile ya mapungufu kwenye pepa zisome kwa macho yako, kila pepa unayoitegemea, hata kama nyingine zote umesomewa.

Alafu jambo zito kidogo. Data za wagonjwa, majina, namba za simu za wahojiwa, hata sauti za mahojiano ulizorekodi kwa wavuvi, hizo usipakie kwenye chatboti yoyote ile ya bure. Tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na kibali chako cha maadili ulichoomba NIMR au chuoni umeandika humo kwamba utatunza siri za watu. Seva ziko nje ya nchi, wewe huna mkono wa kuzifikia. Kama unataka kuchakata mahojiano, toa majina kwanza, badilisha na namba, ndo uendelee.

Kuchakata data

Sina mengi. Kama unajua programu za takwimu kama SPSS, R au Stata, tumia hizo na AI ikuandikie au ikurekebishie kodi, yaani yale maagizo unayoipa programu. Kama hujui, usimwachie AI ikupe namba moja kwa moja, dai ikupe kodi, uiendeshe mwenyewe, uihifadhi. Supavaiza akisema rudia uweze kurudia. Na AI ya kweli ya sayansi sio hii ya kupiga nayo stori, mnakumbuka Nobel ya kemia 2024, nusu ilienda kwa Hassabis na Jumper wa Google DeepMind kwa ajili ya AlphaFold inayotabiri umbo la protini, nusu nyingine kwa David Baker. Ile inapimika, unaweza kwenda maabara kuhakiki. Kigezo kilekile.

Kuandika: mwenyewe, AI, au mtu wa kukuhariria?

Hii ndo ngumu kuliko zote kwa sababu sisi tunaandika Kiingereza ambacho sio cha nyumbani, na tusidanganyane, AI kwenye kunyoosha Kiingereza imetukomboa. Zamani ulikuwa unamtafuta mwalimu anayejua, unamlipa, unasubiri wiki. Ila kuna mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni vigunduzi, programu zinazodai kutambua maandishi ya AI. Turnitin, wale wa kukagua kunakili, waliongeza cha kwao Aprili 2023 na vyuo vingi vikaanza kukitazama kama hakimu. Sasa sikieni, watafiti wa Stanford mwaka huohuo walichukua insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL zilizoandikwa na binadamu wasio wazawa wa Kiingereza, wakazipitisha kwenye vigunduzi saba, na kwa wastani zaidi ya nusu zikaitwa za AI! Insha za watoto wa shule wa Marekani zilipita karibu zote. Sababu ni kwamba anayejifunza lugha anatumia maneno machache na sentensi za kawaida, na hicho ndo kigunduzi kinakitafuta. OpenAI wenyewe walikuwa na kigunduzi chao wakakifunga Julai 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Kama waliotengeneza ChatGPT wameshindwa kuitambua ChatGPT, mhadhiri anayemfelisha mtu kwa ile asilimia peke yake nadhani anapaswa kujiuliza mara mbili.

Kujikinga ni rahisi, andikia kwenye Google Docs au sehemu inayotunza historia ya mabadiliko, na tunza rasimu zako mbovu zilezile, tena zile zenye makosa ndo ushahidi mzuri kuliko zote.

Mtego wa pili ni AI kukubadilishia maana. Wewe umeandika "inaweza kuwa inahusiana", yenyewe inakunyooshea inakuwa "inasababisha". Au inakuwekea maneno yake inayoyapenda, yale ya kujidai, mpaka kuna watafiti wakiongozwa na Kobak walihesabu jinsi hayo maneno yalivyolipuka kwenye muhtasari za PubMed, hazina ya makala za tiba, wakakadiria si chini ya asilimia 13 ya muhtasari za 2024 zilipitiwa na AI. Kwahiyo ukitumia, mpe aya moja moja, mwambie arekebishe sarufi tu asiongeze kitu, alafu linganisha na yako mstari kwa mstari.

Na kutamka je? Tamka. Kamati ya maadili ya uchapishaji, COPE, ilishasema Februari 2023 kwamba AI haiwezi kuwa mwandishi kwa sababu haiwezi kuwajibika, ICMJE ya majarida ya tiba ikafuata Mei 2023, na jarida la Science ambalo Januari 2023 lilikuwa limepiga marufuku kabisa maandishi ya AI, Novemba mwaka huohuo likalegeza, ruksa ila useme umetumia nini na wapi. Sentensi moja mwishoni inatosha. Chuoni kwako uliza utaratibu wao, usije ukafuata wa jarida ukakutana na kanuni nyingine idarani.

Kati ya AI na mhariri binadamu, kama kazi ni disetesheni ya digrii ya kwanza, AI kwa sarufi pamoja na rafiki mmoja wa darasani atosha. Kama ni pepa ya kwenda jarida kubwa, tafuta mtu anayeijua fani, sio anayejua Kiingereza tu.

Kuchapisha: jarida la nyumbani, la nje, au wale wa "Dear Esteemed Professor"?

Ukimaliza tu kuweka barua pepe yako kwenye abstrakti ya kongamano, wanaanza kukuandikia watu wa majarida feki. Wanakuita profesa mashuhuri na wewe bado unadaiwa ada. Lipa dola mia kadhaa, pepa itatoka ndani ya siku chache. Hao ni matapeli wa zamani, lakini AI imewapa nguvu mpya, sasa barua zao zimenyooka, tovuti zao zinapendeza, na hata "maoni ya wahakiki" wanaweza kuyatengeneza kwa chatboti yakaonekana ya kweli. Zamani ulikuwa unawatambua kwa Kiingereza kibovu, hiyo dalili imekufa. Angalia badala yake kama jarida liko DOAJ (orodha ya majarida yanayosomwa bure) au AJOL, kama watu wa bodi ya wahariri wanaonesha kwenye kurasa zao wenyewe kwamba wamo, na kama lina utaratibu wa kuondoa pepa mbovu.

Ila usifikiri la nje lenye jina ndo usalama. Wachapishaji Wiley waliinunua kampuni ya majarida ya Hindawi mwaka 2021 kwa karibu dola milioni 298, na 2023 wakajikuta wanaondoa makala zaidi ya 8,000, nyingi za viwanda vya pepa, yaani wanaotunga pepa feki na kuziuza, wakaamua kuliua hata hilo jina. Februari 2024 jarida moja la Frontiers lilitoa pepa yenye mchoro wa panya uliotengenezwa na Midjourney, AI ya kuchora, panya ana viungo vya uzazi vikubwa kuliko mwili na maandishi yasiyosomeka, imepita kwa mhariri, imepita kwa wahakiki, ikaondolewa baada ya siku tatu watu walipoanza kucheka mitandaoni. Na waandishi walitamka kabisa kwamba wametumia Midjourney! Mwezi uliofuata ikaibuka pepa ya mchapishaji mkubwa Elsevier ambayo utangulizi wake unaanza na yale maneno ya chatboti ya "bila shaka, huu hapa utangulizi unaofaa kwa mada yako". Waandishi, wahakiki, mhariri, hakuna aliyesoma mstari wa kwanza.

Kwahiyo nalinganisha hivi. La nyumbani kwenye AJOL, wasomaji wako ni wale watakaotumia matokeo, maafisa uvuvi, watu wa halmashauri, watafiti wa Kisumu na Entebbe, gharama ndogo au hamna, tatizo lake mara nyingi ni kuchelewa na kutoonekana na AI za kutafutia. La nje kubwa, linaonekana, linahesabika kwenye kupandishwa cheo, na ada ya kuchapisha mashirika mengi makubwa yanasamehe nchi za kundi A la Research4Life, ila lazima uombe mwanzoni na useme mwandishi mkuu yuko Tanzania. Wengi wanalipa kwa kutokujua. Kama matokeo yako ni ya ziwa na yanahitaji kufanyiwa kazi huku, mimi ningepeleka nyumbani au jarida la kanda na kuweka pdf wazi, isipokuwa umepata kitu kinachobishana na dunia nzima kama wale wa 1995.

Uhakiki nao umeingiliwa. NIH, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa afya, ilikataza Juni 2023 wahakiki wa maombi ya fedha kutumia AI kwa sababu ni kumpa mtu wa tatu siri ya mwenzako, lakini wapo wanaotumia kimyakimya, mpaka Julai 2025 gazeti la Nikkei likaripoti kukuta makala 17 kwenye arXiv (tovuti ya kuweka pepa kabla hazijahakikiwa) zenye maagizo yaliyofichwa kwa herufi nyeupe, yanaiambia AI itoe sifa tu. Ukipata maoni ya mhakiki yanayosifia kila kitu bila kutaja hata jedwali moja la kwako, muandikie mhariri kwa heshima umuombe maoni zaidi. Una haki hiyo.

Hela

Kwa mwanafunzi, karibu yote niliyoipendekeza ina toleo la bure: Semantic Scholar, Zotero, AJOL, NotebookLM, Scholar, na Elicit ya bure yenye kikomo. ChatGPT Plus ni dola 20 kwa mwezi, na kwa kazi ya sarufi ile ya bure inatosha, usijitese. Mnaofanya mada moja kama kikundi mnaweza kulipia Elicit mwezi mmoja tu, ule wa literecha rivyu, mkatoa majedwali yote alafu mkasitisha. Kama una hela ya kitu kimoja na mada yako ni ya visiwani, weka kwenye bando la kushushia pdf na nauli ya boti kwenda Ukerewe kuhakiki dodoso lako kabla ya ukusanyaji wenyewe, hiyo hakuna programu itakayokufanyia.